Jina lisipotoka Makerere

Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi wa pili au wa tatu, na kuanzia siku hiyo hadi Agosti nyumba nyingi za Kasese huishi kwa kusubiri. Mtoto aliyesoma fizikia, kemia na biolojia amejaza udaktari wa meno chaguo la kwanza. Mama ameshawaambia wenzake wa kanisani. Baba ameanza kupiga hesabu ya kahawa. Kisha orodha inatoka, jina halimo, na hapo ndipo inapobainika kwamba hakuna aliyewahi kuuliza swali la pili: lisipotoka, tunafanya nini?

Swali hilo linapaswa kuulizwa kabla fomu haijajazwa, na kwa watoto wa Kasese na Bwera jibu lake ni jema kuliko wengi wanavyodhani. Wilaya hii, kutoka mitaa ya mji wa Kasese hadi Kisinga, Bwera na mpaka wa Mpondwe, ina matatizo ya meno yasiyoweza kutatuliwa na madaktari wa meno peke yao hata wangeajiriwa hamsini kesho asubuhi. Kijana anayeyapenda meno kweli, wala si cheo tu, ana kazi ya kufanya hapa, jina litoke lisitoke.

Tuanze na mlango wenyewe, maana wazazi wengi hawajui jinsi ulivyo mwembamba. Digrii ya udaktari wa meno Makerere ni ya miaka mitano, na sehemu kubwa ya mafunzo hufanyika katika hospitali ya Mulago. Darasa ni dogo, kwa sababu kila mwanafunzi lazima apate kiti, vifaa, wagonjwa na mwalimu wa kusimama nyuma yake. Kwa ufadhili wa serikali, nchi nzima hugombea nafasi 4,000 kila mwaka kwa kozi zote za vyuo vya umma, na robo tatu hutolewa kwa ushindani wa kitaifa. Maana yake mtoto wa Bwera anapimwa kwenye mizani moja na mtoto wa shule kubwa za Kampala na Wakiso zenye maabara kamili. Mgao wa wilaya husaidia, lakini nao una foleni yake.

Sasa tazama hesabu ambayo vyuo vya umma vimetumia kwa miaka mingi. Alama A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4. Masomo mawili ya lazima, kwa kozi hii biolojia na kemia, huzidishwa mara tatu. Somo la tatu huzidishwa mara mbili. Mwenye A tatu anapata 18 na 18 na 12, jumla 48, kabla ya kuongeza yale madogo ya somo la ziada na karatasi ya jumla. Akiteleza kwenye kemia peke yake, kutoka A hadi B, anapoteza pointi 3 nzima. Wasichana huongezewa 1.5, utaratibu ulioanza mwaka 1990, lakini nyongeza hiyo hufidia nusu tu ya huko kuteleza. Alama za kidato cha nne huongeza kiasi kidogo. Kwa hiyo mtoto mwenye A mbili na B moja, ambaye shule nzima ilimbeba mabegani siku ya matokeo, anaweza kukosa udaktari wa meno bila kuwa amefeli kitu chochote. Hilo linastahili kusemwa kwa sauti sebuleni. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakijifungia chumbani kwa aibu ambayo hawakuistahili.

Meno yenyewe ya Kasese yanasemaje?

La kwanza ni maji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Charles Rwenyonyi wa Makerere na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walichunguza meno ya watoto wa Kasese na Kisoro katika maeneo ambayo maji ya kunywa yalikuwa na floridi miligramu 0.5 kwa lita na mengine miligramu 2.5. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Floridi kidogo huimarisha jino. Ikizidi, huliharibu wakati bado linajengwa ndani ya taya, na jino huota likiwa na madoadoa meupe au ya kahawia, pengine likimeguka. Huku bonde la ufa, kwenye miamba ya volkano, tatizo hili ni la zamani. Mtoto anasugua mpaka ufizi unatoka damu na rangi haitoki, kwa kuwa haikutokana na uchafu. Madhara yalifanyika akiwa na miaka miwili au mitatu, kabla hajajua mswaki ni nini.

La pili ni ebiino. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, halali. Bibi au jirani anafunua mdomo na kuona uvimbe mweupe kwenye ufizi, pale chonge litakapoota baadaye. Anasema hayo ndiyo meno mabaya yanayomtafuna mtoto. Tanzania huyaita meno ya plastiki. Mganga wa kienyeji huyachokoa, na mara nyingi kifaa ni njiti ya baiskeli iliyonolewa. Kilichochokolewa ni chipukizi la jino halisi la mtoto. Anayesalimika huweza kukua na pengo au chonge lililopinda, kwa sababu jino la ukubwani liko jirani na lile la utotoni na huumia pamoja nalo. Asiyesalimika huondoka kwa damu kuchafuka, kwa pepopunda au kwa kupungukiwa damu, huku kuhara kwenyewe hakujatibiwa. Desturi hii imeandikwa na wataalamu katika sehemu nyingi za Uganda, magharibi ikiwemo, na ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu dawa ya mtoto yule ilikuwa maji yenye chumvi na sukari.

La tatu ni la kawaida: meno yanaoza, soda na biskuti zimefika hadi vijiji vya mlimani, na mtu anakuja hospitali wakati gego limeshakuwa shimo tupu na shavu limevimba.

Ukiyaweka matatu hayo pamoja unaona kwamba kila moja lina mlinzi wake, na mara nyingi huyo mlinzi si daktari wa meno.

Kwa anayetaka kabisa kushika jino kwa mkono wake, njia ya karibu ni diploma ya miaka mitatu ya maafisa wa meno wa afya ya jamii, kada ambayo Watanzania huiita matabibu wa meno. Mafunzo hayo yamekuwa Mulago kwa miongo mingi, katika taasisi ile ile inayofundisha mafundi wa maabara, wataalamu wa eksirei na wa viungo. Hii ndiyo kada inayobeba meno ya vijijini Uganda. Kwa mpangilio wa wizara, kituo cha afya cha ngazi ya nne kinatakiwa kuwa na afisa huyu, na hospitali ya wilaya kama ya Bwera huwahitaji zaidi ya mmoja. Hung'oa meno, huziba matundu ya kawaida, husafisha ukoga uliogeuka jiwe, hutumbua majipu ya ufizi, na huenda mashuleni kukagua vinywa. Mwenye taya lililovunjika kwa ajali ya boda au uvimbe wa kutilia shaka humpeleka kwa daktari wa upasuaji.

Anayedhani hiyo ni kazi ya nguvu tu asimame dakika kumi chumbani mwao. Ganzi ya taya la chini haichomwi penye jino linalouma. Sindano huingia nyuma kabisa ya gego la mwisho, ikitafuta mahali ambapo mshipa wa fahamu unaingia ndani ya mfupa. Ikikosea kidogo, mgonjwa anatikisa kichwa: bado anahisi. Ikifika, mdomo wa chini unakufa ganzi upande mmoja, na hapo ndipo kazi inaanza. Ufizi unaachanishwa na jino pande zote. Koleo linashuka hadi shingo ya jino, chini ya sehemu iliyooza, kwa maana ukishika palipooza panapasuka na mizizi inabaki. Gego la juu husukumwa zaidi upande wa shavu, ambako mfupa ni mwembamba. Halivutwi, linatikiswa polepole mpaka tundu lipanuke. Kisha pamba, mgonjwa aume nusu saa, asisukutue siku hiyo. Na umeme ukikatika, kuziba jino kunasimama maana mashine haizunguki, lakini kung'oa kunaendelea kwa mwanga wa dirisha na tochi. Ndiyo maana huku magharibi watu wengi wameng'olewa meno ambayo mjini yangezibwa. Tabibu mzuri anayejua kuhifadhi jino, na anayejua kupigania jenereta na vifaa kwenye mkutano wa hospitali, ana thamani kubwa mno Bwera.

Wapo wanaopenda ufundi kuliko wagonjwa. Kwao iko kozi ya ufundi wa maabara ya meno, yaani kutengeneza meno bandia, vifuniko na vyuma vya kunyooshea. Ajira nyingi zake ziko mijini. Anayeichagua ajue atahama.

Sasa ebiino. Nani humwona mama mwenye kichanga kabla bibi hajafunua ule mdomo? Mkunga, siku ya kujifungua. Muuguzi, siku za chanjo. Huyu akimwambia mama kwa lugha ya Lhukonzo inayoeleweka, si kwa kumkaripia, kwamba uvimbe ule mweupe ni jino linalojiandaa na kwamba kuhara kunatibiwa kwa njia nyingine, ameokoa meno mawili ya chonge na pengine maisha. Daktari wa meno humkuta mtoto huyo miaka minane baadaye akiwa na pengo. Kagando, pale Kisinga, hospitali ya kanisa ina shule yake ya uuguzi na ukunga, na huko Fort Portal iko shule ya Virika. Msichana au mvulana wa Bwera anaweza kusoma akiwa karibu na nyumbani, jambo linalopunguza gharama kuliko punguzo lolote la ada. Wavulana wengi bado wanaona uuguzi si wao. Wanakosea, na wodi zinawahitaji.

Fort Portal pia kuna chuo cha maafisa tabibu. Afisa tabibu ndiye ambaye mgonjwa wa kijijini humwita daktari, awe amesomea digrii au la. Anayetaka kupima, kutibu na kuamua, na hajali sana kama ni jino au mapafu, aiangalie njia hii kwa makini. Kwa mfano, mwezi Juni 2019, mtoto wa miaka mitano aliyevuka kutoka Kongo na familia yake alifikishwa Kagando akitapika damu. Wahudumu wa pale walishuku Ebola, akahamishiwa kitengo cha kutengwa cha Bwera, maabara ya Entebbe ikathibitisha tarehe 11, na ugonjwa ule haukuenea wilayani. Kazi hiyo ilifanywa na wauguzi, maafisa tabibu, mafundi wa maabara na wapimaji wa joto pale Mpondwe. Mpaka ule huvukwa na maelfu, na siku za soko ndiyo zaidi. Wahudumu wanaozungumza Lhukonzo na Kiswahili, wanaoelewana na Mnande wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, bila mkalimani, hawapatikani Kampala.

Narudi kwenye floridi, maana hapa ndipo mtu anayejali meno anaweza kufanya makubwa na hakuna anayemwambia. Jino lililoharibiwa na floridi daktari huweza kulipaka au kulifunika, moja moja, kwa fedha ambayo mkulima wa Kyarumba hana. Anayebadilisha chanzo cha maji cha kijiji, kwa kupima visima, kufunga kile chenye floridi nyingi na kuleta mtiririko kutoka mlimani, analinda kizazi kizima ambacho meno yake bado hayajaota. Huyo ni afisa wa afya ya mazingira, mkemia wa maji au mhandisi wa maji. Mtoto mwenye kemia nzuri na fizikia ya wastani, aliyekosa udaktari wa meno kwa pointi mbili, huwa na alama za kutosha kwa kozi za namna hii. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia inayodharauliwa bila sababu kuliko zote. Ingekuwa mwanangu, ningemwomba aiandike chaguo la pili, si la sita.

Na ualimu wa sayansi? Wazazi hukunja uso, wakikumbuka walimu wa zamani waliokopa sukari dukani. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii katika sekondari ya serikali analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenye diploma milioni 3. Ajira ya serikali haipatikani haraka, hilo kweli. Lakini sekondari za milimani hukosa mwalimu wa kemia, na mtoto wa Bwera anayepoteza pointi zile tatu huzipoteza hapo, darasani ambako titresheni hufundishwa ubaoni bila chupa wala asidi.

Kuna familia zitakazosema: arudie kidato cha sita. Nalijua jibu hilo, hutolewa hata kabla chai haijapoa. Kurudia kuna maana endapo kilichokosekana ni alama moja, sababu yake inajulikana, kwa mfano aliugua wakati wa mtihani, na ada ipo. Kama alipata D mbili za sayansi baada ya kusoma kwa bidii, mwaka mwingine katika shule ile ile na mwalimu yule yule hautaleta A. Ada ya mwaka huo ingemlipia sehemu nzuri ya diploma. Tena, aliyefaulu masomo mawili kwa ufaulu mkuu katika mtihani mmoja tayari ana sifa ya kisheria ya kuingia chuo kikuu. Anachokosa ni kozi moja tu.

Wengine hutazama ng'ambo. Muhimbili, Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha udaktari wa meno, na mabaraza ya Afrika Mashariki hukagua vyuo kwa pamoja na kutambuana. Mwenye uwezo aombe. Butembo, upande wa Kongo, kuna chuo kikuu cha Kikatoliki chenye kitivo cha tiba, na kwa Mkonzo wa huku ni kama kwa mjomba. Lakini masomo ni kwa Kifaransa, na barabara ya Kasindi hadi Beni imeshambuliwa mara nyingi na waasi wa ADF, kundi lile lile lililovuka usiku wa tarehe 16 Juni 2023 na kuua watu zaidi ya 40 Mpondwe, wengi wao wanafunzi wa sekondari ya Lhubiriha. Mzazi wa Bwera hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu fedha. Mpango wa serikali wa mikopo ya elimu ya juu, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, hukopesha wanafunzi wa digrii na diploma hasa za sayansi. Hulipa ada, si chumba wala chakula, kwa hiyo kahawa bado ina kazi. Maombi yake yana tarehe zake, na wengi wa vijijini huzisikia zikiwa zimepita. Fuatilia redioni na ofisi ya elimu ya wilaya, usingoje tangazo likufuate.

Kabla ya kulipa ada popote, kagua mara mbili. Mara ya kwanza kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu au mamlaka inayohusika na diploma: kozi hiyo ina kibali? Mara ya pili kwa baraza la taaluma. Madaktari wa meno husajiliwa na baraza la madaktari. Maafisa wa meno, maafisa tabibu na mafundi wa maabara wana baraza lao la kada shirikishi, wauguzi na wakunga lao, na yote matatu yana sheria zake za mwaka 1996. Chuo kinaweza kuwa na jengo zuri, basi jipya na bango kubwa barabarani, na mhitimu wake asisajiliwe. Asiyesajiliwa hawezi kuajiriwa na wilaya wala kufungua kliniki kihalali. Piga simu barazani, taja jina la chuo na la kozi, subiri jibu.

Ile miezi ya kukaa nyumbani, kuanzia mtihani wa Novemba hadi Agosti, isiishie dukani kwa shangazi tu. Omba kwa mkuu wa hospitali, kwa barua iliyosainiwa na mwalimu wako, ukae chumba cha meno wiki chache ukitazama, ukifua vitambaa, ukijifunza jinsi vifaa vinavyochemshwa. Wapo watakaogundua kwamba harufu ya usaha na kilio cha mtoto hawaviwezi. Ni bora kugundua hilo Bwera kuliko mwaka wa tatu Mulago.

Na kwa yule ambaye bado, baada ya yote haya, anataka kuitwa daktari wa meno: diploma haimfungii. Vyuo vikuu hutenga nafasi za wenye diploma waliofaulu vizuri, mbali na za kidato cha sita, hata kwa udaktari wa meno. Anayetoka Mulago na diploma safi, akafanya kazi miaka kadhaa kwenye kituo cha afya, anaomba akiwa ameshang'oa mamia ya meno na akiwa na mshahara wa kuchangia ada yake. Aliyefikisha umri wa miaka 25 anaweza pia kufanya mtihani wa kuingilia wa watu wazima. Fomu za njia hizi hutangazwa kivyake, kwa hiyo atunze vyeti vyote, vya kidato cha nne, cha sita na diploma, na akaombe nakala ya alama zake chuoni mapema, siku anapohitimu, kabla hajapanda basi la kurudi Kasese.